Pawa saplai ya kompyuta ya kwanza ya gemu: soma lebo kabla ya bei

Anayeunda kompyuta ya gemu kwa mara ya kwanza huanza na kadi ya grafiki, ikafuata prosesa, RAM na kasha lenye taa, halafu chenji iliyobaki ndiyo inanunua pawa saplai. Mpangilio huo ugeuze. Hiki ndicho kifaa pekee kinachopeleka umeme kwa kila kingine humo ndani, na kikifa vibaya hakifi peke yake. Tena ndicho kitakachobaki ukishabadilisha kadi na prosesa, kwa sababu pawa saplai nzuri huja na dhamana ya miaka 7 hadi 10.

Mashine ya mfano hapa ni ya kawaida kabisa: Ryzen 5 7600, RTX 4070 Super, RAM ya GB 32, SSD moja ya NVMe na feni nne. Kama yako ni tofauti, badilisha namba, njia ni ile ile.

Hesabu ya wati

Sifa za Ryzen 5 7600 zinataja wati 65. Hiyo ni TDP, namba inayomsaidia mtu kuchagua kipoza joto, wala si kikomo cha umeme. Prosesa hii ikibanwa na kazi inaruhusiwa kufika wati 88, kiwango ambacho AMD wanakiita PPT. Kwa Intel pengo ni kubwa zaidi: Core i5-12400F inaandikwa wati 65 lakini inaweza kupanda hadi 117, na Core i7-14700K inaandikwa 125 ilhali inaweza kuvuta 253. Kwenye hesabu yako weka namba ya juu, siyo ile ya tangazo.

RTX 4070 Super ni wati 220. Madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote), RAM, SSD na feni zipe 60 kwa pamoja, na kila diski ngumu ya kuzunguka iongezee 10. Jumla ya mashine yetu: 88 + 220 + 60, yaani wati 368.

Sasa usikimbilie ya wati 400. Kadi ya grafiki haivuti umeme kwa utulivu. Kwa kipande kidogo mno cha sekunde inaruka juu sana kuliko wati zake za kawaida, na pawa saplai iliyo ukingoni huona mruko huo kama hatari ikazima mashine katikati ya gemu. Ndiyo maana kanuni ya ATX 3.0 ya utengenezaji wa pawa saplai, iliyotoka 2022, inataka pawa saplai zenye tundu jipya la pini 16 zivumilie hadi mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Halafu kuna joto na kelele: inayofanya kazi karibu na kikomo chake muda wote hupuliza feni kwa nguvu na kapasita zake, vile vijikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme, huchoka mapema.

Ongeza asilimia 40 juu ya jumla. 368 inakuwa 515, na saizi za dukani zinazofuata ni 550 na 650. NVIDIA wenyewe wanapendekeza 650 kwa kadi hii. Chukua 650. Kama una mpango wa kuja kuweka kitu cha wati 285 kama RTX 4070 Ti Super, nenda 750 sasa hivi ili usinunue mara mbili. Mwenye RX 6600 (wati 132) na Ryzen 5 5600 (PPT 76) anapata jumla ya 268, na ya 550 inamtosha kwa raha. RTX 4090 peke yake ni wati 450. Hapo anza na 850, na ukiwa na prosesa kubwa weka 1000.

Wapo wanaoogopa kwamba ya wati 750 italamba uniti za LUKU kuliko ya 550. Hailambi. Pawa saplai hutoa kile kinachoombwa na vifaa, basi. Ukiwa unaandika barua, mashine hii hii itakuwa inavuta chini ya wati 100, iwe umeweka ya 550 au ya 1000.

Lebo: tafuta mstari wa volti 12

Namba kubwa iliyopakwa kwenye boksi iache. Geuza pawa saplai yenyewe, utaona ubavuni kibandiko chenye jedwali. Prosesa na kadi ya grafiki vyote vinakula kutoka mstari mmoja tu, ule wa +12V. Mistari ya +5V na +3.3V siku hizi ina kazi ndogo: USB, SSD, na vijisehemu vya madabodi.

Chukua lebo mbili uziweke sambamba. Ya kwanza imeandikwa 650W, na kwenye jedwali +12V ina 54A, yaani ampea 54. Zidisha 54 kwa 12 upate wati 648. Karibu nguvu yote iko kwenye mstari unaouhitaji. Ya pili ina maandishi makubwa mekundu, 600W, lakini kwenye jedwali +12V ni 22A. Zidisha: wati 264. Ile 600 imepatikana kwa kujumlisha volti 5 na 3.3 ambazo hutazitumia, au imeandikwa kwa kipimo cha mruko wa kitambo kidogo, na mara nyingi utaona neno PEAK au MAX pembeni kwa herufi ndogo. Kwa mashine yetu ya wati 368, hiyo ya pili itazima siku ya kwanza ya gemu zito, na hiyo ndiyo ingekuwa bahati nzuri. Bahati mbaya ni isipozima.

Pengo kati ya wati zilizoandikwa na wati za +12V lina maana nyingine pia. Katika muundo wa zamani, mstari wa 12 na wa 5 husimamiwa na saketi moja. Kadi ikivuta sana kwenye 12, volti ya 12 inashuka na ya 5 inapanda, na SSD yako inakula volti ambazo haikuzitaka. Katika muundo wa sasa nguvu yote hutengenezwa kwanza kuwa volti 12, kisha ya 5 na ya 3.3 zikachotwa humo kwa saketi zake zenyewe. Lebo ya muundo huu huonyesha +12V iliyo sawa au karibu sawa na wati zote. Hivyo hata bila kufungua kitu, jedwali linakwambia kilichomo.

Mtego mmoja: lebo zenye +12V1 na +12V2, kwa mfano 18A na 16A. Usijumlishe ukasema 34A. Tafuta kisanduku cha chini kinachotaja wati za juu za mistari hiyo ikiwa pamoja, ndiyo namba ya kweli.

Tazama pia joto ambalo wati hizo zimeahidiwa. Zilizo makini hutaja nyuzi 40 au 50. Ikiwa ahadi ni ya nyuzi 25, kumbuka kwamba chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinafika nyuzi 30 na ushee kabla kompyuta haijawashwa, na ndani ya kasha ni zaidi ya hapo.

Mwisho wa lebo, andika namba kamili ya modeli, si jina la kampuni tu. Kampuni moja huuza mifululizo ya ngazi tofauti: CV na RM zote ni za Corsair, lakini haziko daraja moja. Majaribio ya maabara ya Cybenetics yako wazi mtandaoni kwa modeli nyingi, ukiweka namba unaona ufanisi, kelele na utulivu wa volti.

Nishani ya 80 Plus ina maana gani

Bronze, Gold, Platinum: hizi hupima ufanisi, yaani kati ya umeme unaotoka ukutani ni kiasi gani kinafika kwenye vifaa badala ya kugeuka joto. Hazipimi ulinzi, wala uimara wa kapasita, wala usafi wa volti. Kwa kipimo cha Ulaya cha volti 230, Bronze inatakiwa kufika asilimia 88 ikiwa na nusu ya mzigo, na Gold 92.

Tuzipige hesabu. Mashine yetu ikivuta wati 368, kwa Gold ukutani zinatoka 400, kwa Bronze 418. Tofauti ni wati 18. Ukicheza saa nne kila siku kwa mwezi, unaokoa uniti 2 na kidogo. Kwa hiyo anayekuuzia Gold kwa hoja ya bili hakukosea hesabu, ila hoja yenyewe ni nyembamba. Sababu nzuri ya kuchukua Gold ni kwamba ili mtengenezaji aipate, kwa kawaida hulazimika kutumia ule muundo wa sasa, na akishafika huko mara nyingi huweka feni na kapasita za maana. Lakini Bronze nzuri ya wati 650 yenye +12V kamili ni bora kuliko Gold ya kampuni usiyoweza kuifuatilia. Nishani hughushiwa pia. Orodha ya 80 Plus iko mtandaoni, tafuta modeli yako humo kabla hujatoa pesa.

Kinachostahili kuangaliwa kwa jicho kali ni orodha ya ulinzi kwenye karatasi ya sifa: OVP na UVP kwa volti kuzidi au kupungua, OCP na OPP kwa mkondo na nguvu kupita kiasi, SCP kwa shoti, OTP kwa joto. OTP ndiyo inayorukwa mara nyingi kwenye za bei ya chini. Kwa nchi za joto usikubali ikose.

Umeme wa nyumbani

Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Pawa saplai nyingi za kisasa huandikwa 100–240V na hujirekebisha zenyewe, hivyo hata ndugu yako akikuletea moja kutoka Marekani, unabadilisha waya wa ukutani tu. Zipo zilizoandikwa 200–240V pekee. Zinafaa, ila hazina nafasi ya kupumua umeme ukishuka jioni watu wote wakiwasha majiko. Kwa mtaa unaoyumba umeme, chukua ya 100–240V.

Za zamani na za mtumba huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye soketi ya huku, saketi ya ndani huzidisha volti maradufu na kapasita hulipuka kwa kishindo na moshi sekunde hiyo hiyo. Ukiona swichi hiyo, maana yake pawa saplai ni ya muundo wa kale. Iache dukani.

Kukatika kwa umeme kwenyewe hakuui kompyuta sana kama kunavyoua kurudi kwake kwa pupa. UPS, betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, inasaidia, ila usidanganywe na VA, namba kubwa ya jina lake ambayo si wati. UPS ya 650VA kwa kawaida hutoa chini ya wati 400. Mashine yetu ikiwa kwenye gemu inavuta 400 ukutani, ongeza skrini wati 30, na UPS hiyo italia na kuzima papo hapo. Tafuta namba ya wati kwenye lebo yake, iwe 600 au zaidi. UPS za bei ya chini hutoa mawimbi ya ngazi-ngazi badala ya mawimbi safi, na baadhi ya pawa saplai hukataa mawimbi hayo zikazima umeme unapohamia kwenye betri. Kama unaweza kujaribu pamoja dukani, jaribu.

Halafu ethi, waya wa usalama unaoenda ardhini. Plagi ya pini tatu za mraba ina pini moja ndefu ya juu, na si pambo. Mlangoni mwa kila pawa saplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele, zilizounganishwa na bati la kasha. Ukitumia adapta ya pini mbili, au ekstensheni ambayo waya wa ethi haujaungwa, bati hilo linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo, lakini ukipitisha mgongo wa kidole kwenye kasha unahisi mtetemo wa kuchoma, na ukichomeka HDMI ya TV mkondo huo unatafuta njia kupitia kadi yako. Ukihisi mtetemo, usibadilishe pawa saplai. Mwite fundi umeme apime soketi.

Nyaya na vichwa vyake

Kabla ya kulipa, linganisha vichwa na vifaa vyako. Madabodi inahitaji kichwa cha pini 24, na kingine cha pini 8 kwa prosesa kinachogawanyika nne na nne. Kadi inahitaji pini 8 zinazogawanyika sita na mbili, au tundu la pini 16. Vichwa viwili vya pini 8 vinafanana kwa mbali lakini havifanyi kazi moja, na umbo la matundu yake limetofautishwa makusudi. Kisipoingia kwa nguvu ya kawaida ya kidole, si chake.

Kila kichwa cha pini 8 cha kadi kimepangiwa wati 150, na tundu la kadi kwenye madabodi linaongeza 75. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ipe nyaya mbili tofauti kutoka pawa saplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili vilivyofuatana kama mkia, hasa kadi ikizidi wati 225.

Adapta ya kutoka SATA kwenda pini 8 ya kadi ikatae kabisa. Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja ya ampea 1.5, jumla wati 54. Unakilazimisha kubeba 150. Plastiki inayeyuka. Pawa saplai isiyo na waya wa kadi inakwambia kwamba haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

RTX 4070 Super nyingi zina tundu la pini 16. Taarifa za vichwa hivyo kuungua kwenye RTX 4090 zilianza Oktoba 2022, na chanzo kikubwa kilikuwa kichwa ambacho hakikuzama hadi mwisho. Marekebisho ya 2023, yanayoitwa 12V-2x6, yalifupisha pini za ishara ili kadi isivute nguvu kama kichwa hakijazama. Sukuma mpaka pasionekane mwanya, vuta kidogo kuhakikisha, na sentimita 3 na nusu za kwanza za waya usizipinde. Kama kasha ni jembamba, pima nafasi hiyo kabla kioo cha pembeni hakijaubana waya.

Pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa zinapendeza kwa usafi, na zinakuja na kosa linaloua diski nyingi kuliko radi: kutumia waya wa modeli moja kwenye pawa saplai ya modeli nyingine. Upande wa kifaa pini zimesanifishwa, upande wa pawa saplai hazijasanifishwa. Waya unaingia vizuri tu, halafu volti 12 zinafika mahali pa volti 5. Ukiuza ya zamani, uza na nyaya zake zote.

Kuhusu ukubwa: umbo la kawaida, ATX, ni upana wa milimita 150 na kimo 86, urefu kuanzia 140 hadi 180. Kasha dogo linaweza kudai SFX, umbo dogo zaidi. Soma karatasi ya kasha, kisha songa mbele.

Kwa wenye Dell au HP za mtumba

Wengi wanaanzia kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi kutoka Uingereza au Dubai. Mashine hizi mara nyingi zina pawa saplai ya wati 240 hadi 300, umbo lake mwenyewe, na kichwa cha madabodi ambacho si cha pini 24. Humo weka kadi inayojitosheleza na wati 75 za tundu, kama GTX 1650 isiyo na kichwa cha ziada au RTX 3050 ya GB 6 yenye wati 70. Zaidi ya hapo ni heri kuhamia kwenye kasha na madabodi ya kawaida kuliko kufunga adapta juu ya adapta.

Kufunga na kujaribu

Kama kasha lina matundu na chujio chini, feni ya pawa saplai itazame chini. Kama chini ni bati tupu, itazame juu. Chujio hilo lisafishe kila mwezi kwenye mtaa wa vumbi. Unganisha pini 24, pini 8 za prosesa na waya wa kadi, kisha swichi ya nyuma iweke kwenye I, yaani imewashwa.

Ukibonyeza kitufe na kukawa kimya, mara nyingi ni swichi ya nyuma, pini 24 ambazo hazijazama, au nyaya ndogo za kitufe. Feni zikizunguka bila picha, angalia pini 8 za prosesa, kisha waya wa skrini uwe kwenye kadi, si kwenye madabodi.

Ukitaka kujua kama pawa saplai yenyewe iko hai, ichomoe kwenye vifaa vyote na ukutani, unganisha kwa waya mfupi pini ya kijani ya kichwa cha 24 (pini ya 16) na nyeusi iliyo jirani, kisha rudisha umeme. Feni ikizunguka, inawaka. Nyingine zenye feni ya kimya hazizungushi bila mzigo, hivyo pima kwa multimita: waya wa 12 usome kati ya 11.40 na 12.60, wa 5 kati ya 4.75 na 5.25. Jaribio hili halisemi chochote kuhusu mzigo mzito.

Tatizo linalosumbua zaidi ni kompyuta kujizima na kuwaka tena gemu likikolea, bila skrini ya buluu. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows utaona Kernel-Power 41. Shusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 70 kwa programu ya MSI Afterburner, ucheze saa nzima. Ikitulia, mshuku mkuu ni pawa saplai au waya wa kadi, basi badilisha waya kwanza, kisha uondoe ekstensheni uchomeke moja kwa moja ukutani. Ikizima tena baada ya hayo, irudishe dukani ikiwa na lebo na risiti. Usifungue skrubu zake. Kapasita kubwa ya ndani hubeba karibu volti 400 hata ikiwa imechomolewa, na kibandiko cha dhamana kikichanika duka halina wajibu tena kwako.